Kikao cha Maoni Huamuliwa Tangu Siku ya Tangazo

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya umeme, juu kidogo ya kimo cha mtu mzima, ndani ya mfuko wa nailoni uliokwisha kuingia maji ya mvua. Nililipita kwa zaidi ya wiki mbili nikidhani ni taarifa ya ukarabati wa barabara. Siku niliposimama kulisoma nilikuta safu ndefu ya namba za viwanja, bila jina la mtaa hata mmoja. Kiwanja cha nyumba niliyokuwa nimepanga kilikuwa cha tatu katika safu hiyo, lakini sikuijua namba yake mpaka nilipomwomba mwenye nyumba anioneshe hati, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya mkutano wa kusikiliza maoni ya wakazi kuhusu mradi wa kuendeleza upya eneo letu.

Nilikwenda mkutanoni. Nilipewa dakika tatu, nikazungumza kwa uchungu juu ya wazee, watoto na kazi zetu, na watu wakapiga makofi. Muhtasari wa kikao ulipotoka, yote niliyoyasema, pamoja na ya wenzangu kumi na zaidi, yalikuwa yamefupishwa katika sentensi moja ya maneno saba: «Baadhi ya wakazi walieleza wasiwasi kuhusu fidia.» Aliyeandika hakusema uongo. Sisi ndio tuliokuwa hatujampa jambo lolote ambalo ofisi ingelazimika kulijibu.

Tangu hapo nimeshiriki katika vikao vingine kadhaa vya aina hii, na ushauri wangu mkubwa kwa yeyote aliyesikia kwamba mtaa wake umo kwenye mpango ni kwamba asiisubiri siku ya kikao. Kazi yenyewe hufanyika katika kipindi kifupi kati ya kubandikwa kwa tangazo na kufunguliwa kwa mkutano, na atakayefika ukumbini bila kuifanya kazi hiyo atakuwa amekuja kusikilizwa tu.

Anza kwa kulisoma tangazo polepole, kama unavyosoma mkataba. Tafuta kwanza tarehe mbili, kwa kuwa siku ya mwisho ya kupokea pingamizi la maandishi mara nyingi si siku ya mkutano, na ikitangulia mkutano watu wengi huikosa. Kisha angalia ni uamuzi gani hasa unaoombwa: kuidhinisha mchoro wa mipango miji ni jambo moja, na kutwaa ardhi ni jambo jingine kabisa, ingawa yote mawili yanaweza kuandikwa kwa maneno yanayofanana. Angalia pia jalada la mradi linasomwa wapi na saa ngapi, na nani atakayetoa uamuzi wa mwisho. Kama mipaka imeelezwa kwa namba za viwanja peke yake, itafsiri kwa majina ya mitaa na nyumba zinazojulikana, kisha uwaandikie majirani kwa lugha hiyo.

Nasisitiza habari ya majirani kwa sababu ya wapangaji. Barua rasmi, pale zinapotumwa, kwa kawaida huenda kwa wamiliki waliosajiliwa. Mpangaji aliyeishi chumba kimoja kwa miaka ishirini, fundi mwenye kibanda mbele ya nyumba ya mtu, mjane anayeishi kwenye nyumba ambayo hati yake bado ina jina la marehemu, hao wote wanaweza kuhamishwa bila karatasi hata moja yenye majina yao. Inabidi mtu apite mlango kwa mlango, tena jioni, watu wanapokuwa wametoka kazini. Utakaowakuta wengi watakuambia kwamba habari hizo wamezisikia miaka mingi na hakuna kilichotokea. Katika mtaa wa West End mjini Boston, Marekani, mpango wa kubomoa ulitangazwa mwaka 1953 na ubomoaji ukaanza 1958. Katika miaka hiyo ya kusubiri, wakazi wengi hawakuamini kwamba mtaa mzima ungeweza kuondolewa, na hatimaye maelfu ya watu walihamishwa. Ukimya wa muda mrefu baada ya tangazo hauna maana kwamba mradi umekufa.

Jalada likishajulikana liliko, nendeni watu wawili au watatu, mmoja asome na mwingine aandike. Msiishie kwenye kurasa za mbele zenye picha za majengo mazuri na miti. Idadi ya kaya zitakazohamishwa, watakakopelekwa na namna mali itakavyothaminiwa huwa katika viambatisho, na huko ndiko tulikogundua, katika mradi wa pili niliohusika nao, kwamba mstari wa mpaka kwenye ramani ya jaladani ulipita nyuma ya shule wakati ule wa kwenye tangazo ulipita mbele yake. Tofauti hiyo ilikuwa na nyumba kumi na nne ndani yake. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukataja ramani zote mbili na namba za kurasa, tukaomba jibu la maandishi, na hatukuondoka kabla nakala yetu haijagongwa muhuri wa kupokelewa.

Mkutanoni gawaneni mambo, mmoja azungumzie mipaka, mwingine fidia, mwingine njia za maji ya mvua, kwa sababu watu kumi wakisema jambo lilelile litaandikwa mara moja tu. Kila mmoja aulize swali linalodai jibu la ndiyo, hapana, au tarehe, kisha amkabidhi katibu maneno yake kwa maandishi na kuomba yaambatanishwe kwenye muhtasari. Mwaka 1968 Jane Jacobs, mwandishi na mwanaharakati wa masuala ya miji, alikamatwa na polisi katika kikao cha hadhara mjini New York kuhusu barabara kuu iliyopangwa kupita kusini mwa Manhattan. Alilalamika kwamba kipaza sauti kiliwekwa ili wasemaji wawaelekee wenzao badala ya maofisa, na vurugu ilipotokea na utepe wa mashine ya mwandishi wa kumbukumbu ukatawanyika, alitangaza kwamba pasipo kumbukumbu hapakuwa na kikao. Simshauri mtu kugusa mashine ya katibu. Hata hivyo hoja yake kuhusu kumbukumbu ni sahihi kabisa, na barabara ile ilifutwa mwaka uliofuata.

Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998 kuhusu haki ya umma kushiriki katika maamuzi ya mazingira, ambao nchi nyingi za Ulaya zimeuridhia, unataka umma ushirikishwe mapema, wakati chaguo zote bado ziko wazi, na uamuzi utolewe pamoja na sababu zake. Hata pale ambapo mkataba huo hauna nguvu, naona ni kipimo kizuri cha kuulizia: kama mkandarasi ameshapatikana na wapimaji wameshaweka vigingi, muulize mwenyekiti wa kikao ni jambo lipi hasa ambalo maoni yenu bado yanaweza kulibadilisha, na jibu lake liandikwe.

Jambo la mwisho ni dogo na halihitaji ujuzi wowote. Baada ya mradi wa kwanza tulikubaliana kwamba kila Jumatatu asubuhi mmoja wetu atapiga picha ubao wa matangazo, uwe na kitu au usiwe nacho. Tangazo la mradi wa pili lilikuwa na tarehe ya Alhamisi, lakini picha za Jumatatu mbili zilizofuata zilionesha ubao mtupu. Muda wa pingamizi ulikuwa umeanza kuhesabiwa siku 11 kabla ya mtu yeyote kuweza kulisoma. Tuliambatanisha picha hizo na barua yetu ya ramani, na kikao kikaahirishwa; tangazo lilibandikwa upya, safari hii likiwa na ramani iliyorekebishwa na majina ya mitaa.