Bunduki ya Duck Hunt haiui bata kwenye tivi bapa

Ndugu yangu wa Shela, unasema mashine yako ya zamani ya michezo ya video, ile ya kuchomeka kaseti, umeitoa sandukuni uwaonyeshe wanao, lakini picha inarukaruka na bunduki ya Duck Hunt, ule mchezo wa kuwinda bata, haiui bata hata mmoja kwenye tivi bapa.

Bunduki usiitupe! Ukifyatua, skrini huwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe hutokea pale alipo bata. Ndani ya mtutu mna jicho linalotafuta mwanga huo. Tivi bapa huchelewesha picha, jicho likakosa. Tafuta tivi ya zamani, ile yenye kichogo.

Picha kuruka, nashuku ni uchafu na chumvi. Hewa yetu ya bahari haina huruma na vyuma. Usiipulize kaseti kwa mdomo, unyevu wa pumzi huzidisha kutu. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili, sugua meno ya kaseti, vile vibamba vya chuma vinavyoingia kwenye mashine, hadi pamba itoke safi, iache ikauke.

Wanao waanzishie Space Invaders ya 1978, mchezo wa kuwafyatulia wavamizi wa angani, ukiipata. Maadui wakipungua, waliobaki huenda mbio zaidi, kwa kuwa mashine ya asili ilikuwa na wachache wa kuchora. Mimi hapo ndipo moyo hunidunda mpaka leo.