Laini ile ile

Bwana Yesu asifiwe, mhariri. Wiki hii mmeuliza: "Unawezaje kuutumainia wakati wa Mungu jibu linapokawia?"

Nina miaka 11 ya ndoa na sijajaliwa mtoto, kwa hiyo swali ni langu. Lakini kinachonikaba koo si kungoja kwenyewe, ni maneno ya wanaonitazama nikingoja. "Wakati wa Mungu ni sahihi, mpendwa." Nimeambiwa harusini, msibani, hata kwenye foleni ya maji. Wananitajia Sara aliyejifungua akiwa na miaka 90. Mwanzo 16 wanairuka, pale Sara huyo huyo alipochoka kungoja akampa mumewe Hajiri, kisha akamtesa mpaka akakimbilia jangwani. Katika daftari la jumuiya yetu huku Tabata, wamama wote wameandikwa kwa majina ya watoto wao. Mimi nimeandikwa kwa jina la ubatizo.

Februari 2021 mimba yangu ya tatu iliharibika, ikiwa na wiki 14. Nilirudi kutoka hospitali nimeshasafishwa, nikakuta wanajumuiya wamejaa sebuleni. Joto lile la Februari mnalijua, na umeme ulikuwa umekatika. Waliomba, wakaimba, kila mmoja akanipa lile neno kwa zamu, wakaacha bahasha, wakaondoka. Bibi wa nyumba ya tatu, anayeuza vitumbua, hakuondoka. Aliuliza mchele uko wapi. Akaketi mlangoni penye mwanga, ungo mapajani, akaanza kuchambua. Chuya alizitupa nje kwa kuku. Jiwe akilipata analiweka kwenye kifuniko cha sufuria, linalia ti. Nililala kwenye kochi nikihesabu, yalifika 19. Mchele wenyewe ulikuwa kilo moja tu. Alipomaliza aliumwaga tena ungoni, akaanza upya. Alichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi mpaka ikaadhiniwa magharibi, hajatamka neno.

Ndipo akasema, "Mwanangu, wakati wa Mungu ni sahihi."

Maneno yale yale, na sikuchukia. Nililia kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Bibi ana mtoto wa kiume aliyezamia meli mwaka 2009, na hajasikika tena. Mtaa mzima unajua kwa nini Bibi habadili laini ya simu: ndiyo namba pekee ambayo kijana anaijua. Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, yeye alikuwa ameshakwenda kupanga foleni ya kitambulisho tangu alfajiri, kwa miguu yake ile inayovimba.

Nimeisoma upya Yohana 11. Yesu alipata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, akakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Martha alimwambia wazi kwamba angekuwapo, ndugu yake asingekufa, na hakukemewa kwa kusema hivyo. Kisha Yesu, aliyejua kabisa kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke kaburini, akalia pamoja nao.

Nilianza kuandika nikikusudia kuwaomba wapendwa waliache neno hilo kabisa. Sasa naona siwezi, kwa sababu ni kweli na ninaliamini. Labda niombe tu kwamba anayekuja kulisema asije na haraka. Wala simaanishi tukae tumefunga mikono. Mimi na mume wangu bado tunahudhuria kliniki, na dawa nazo nazihesabu kuwa majibu ya Mungu. Na siwezi kuapa kwamba nikifika miaka 50 bila mtoto nitaandika hivi hivi.

Mwezi uliopita simu ya Bibi iliita katikati ya ibada ya jumuiya, namba ngeni. Tuliacha kuimba bila kuambizana. Alikuwa mtu aliyekosea namba. Bibi alimshukuru, akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akatuambia tuendelee na ubeti wa pili.