Munich hadi Verona kwa Treni: Ushauri kwa Familia Yenye Watoto na Mzee

Kati ya Munich, Ujerumani, na Verona, Italia, ziko treni za moja kwa moja kupitia Austria mara kadhaa kwa siku, zinazopita Kufstein, Innsbruck, Brenner, Bolzano na Trento, na safari huchukua takriban saa 5 na nusu. Familia yenye watoto wadogo na mzee ningeishauri ipande mojawapo ya hizo, hata kama tiketi ya kubadilisha treni njiani inaonekana rahisi kwa euro kadhaa. Nasema hivi nikiwa mkazi wa Munich ninayesafiri njia hiyo na mume wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe wangu anapokuja kututembelea kutoka Tanga. Na katika mambo yanayoweza kuiharibu siku ya safari, sijaona linalolishinda lile la kushuka na kupanda tena.

Mwaka 2024 ni takriban asilimia 62 tu ya treni za masafa marefu za shirika la reli la Ujerumani zilizofika kwa wakati, na katika hesabu hiyo treni iliyochelewa kwa chini ya dakika 6 bado huhesabiwa kuwa imewahi. Kijana mwenye begi la mgongoni akikosa treni ya kuunganisha atanunua kahawa na kungoja inayofuata. Ninyi mkiwa na kigari cha mtoto, masanduku matatu na mtu mwenye magoti yanayouma, zile dakika 10 zilizoandikwa kwenye simu zitaishia kwenye foleni ya lifti ya kituo, na viti mlivyovilipia vitakuwa vimeondoka na treni. Kama hamna budi kubadilisha, basi safari nzima iwe katika tiketi moja. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Juni 2023, abiria mwenye tiketi moja anayefika mwisho wa safari akiwa amechelewa dakika 60 au zaidi hustahili kurudishiwa asilimia 25 ya nauli, na asilimia 50 kuanzia dakika 120, isipokuwa pale chanzo kinapokuwa nje ya uwezo wa reli, kama vile dhoruba kubwa. Aliyenunua tiketi mbili mbalimbali, kila kipande huhesabiwa peke yake, na treni ya pili ikimwacha hasara ni yake.

Wapo watakaosema gari binafsi linamaliza mjadala huu. Sidhani. Daraja la Lueg kwenye barabara kuu ya Brenner, upande wa Austria, limechakaa kiasi kwamba tangu Januari 2025 kwa siku nyingi za mwaka magari hupita kwa njia moja tu kila upande, na mtoto anayetaka kwenda haja katikati ya foleni ile hana pa kwenda.

Mkishaamua treni, lipieni na viti. Tiketi ya kawaida inawapa haki ya kusafiri lakini haiwahakikishii kiti, na siku za likizo za shule za Bavaria, jimbo la Munich, watu husimama koridoni mpaka Bolzano. Chagueni viti vinne vinavyotazamana vyenye meza katikati, kisha cha tano ng'ambo ya njia, na mwepuke kabisa sehemu ya ukimya, ambako hata mtoto mwenye adabu zake hutazamwa kwa jicho la pembeni. Treni za Railjet za Austria zina sehemu maalumu ya familia, ambayo ni bora kuliko zote mkiiwahi. Watoto nao waandikwe kwenye tiketi hata pale ambapo nauli yao ni ndogo au hawalipi kitu, kwani mkaguzi huhesabu vichwa. Kuhusu saa, mimi hupendelea treni inayoondoka kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Ile ya alfajiri huwafanya watoto walale usingizi mbovu hadi Innsbruck na kuamka wakiwa na hasira.

Suala la karatasi ndilo linalopuuzwa kuliko yote, kwa sababu watu husikia kwamba ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa mipakani baina yao, hakuna mipaka. Mpaka haupo kwa maana ya kusimama dirishani na kupigiwa muhuri, lakini polisi wapo. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria mwaka 2015, na mnaporudi kaskazini ni kawaida maofisa kuingia ndani ya treni kati ya Kufstein na Rosenheim, wakatembea behewa kwa behewa na kuwataka abiria watoe vitambulisho. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani anaruhusiwa kuzitembelea nchi nyingine za Schengen kwa hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, lakini kadi ile peke yake haitoshi: lazima iandamane na pasipoti ambayo haijaisha muda. Mgeni aliyekuja kwa viza, kama mama mkwe wangu, atembee na pasipoti yenye viza hiyo, na si nakala iliyopigwa picha kwenye simu ya mwanawe. Kila mtoto awe na hati yake. Sisi huziweka zote katika mfuko mmoja wa kitambaa unaoning'inia shingoni mwa mama mkwe, naye hauvui hata anapokwenda chooni. Ofisa akifika, yeye ndiye anayezigawa moja moja kwa mpangilio wa umri, na kazi hiyo anaipenda.

Kupanda treni kunataka utaratibu uliokubaliwa nyumbani. Majukwaa ya Ujerumani yamegawanywa kwa herufi zilizoandikwa kwenye mabango ya juu, na ubao wa matangazo huonyesha kila namba ya behewa itasimama kwenye herufi gani. Simameni pale mapema, lakini msikilize matangazo, maana mara nyingine treni hupangwa kinyumenyume na la mwisho likawa la kwanza. Kituo kikuu cha Munich ndiko treni nyingi za Italia huanzia, kwa hiyo huwa inasubiri pale kwa muda. Hiyo ndiyo sababu ninapendelea kupandia hapo kuliko kituo cha Munich Mashariki, ambako husimama dakika chache tu. Mtu mzima mmoja atangulie ndani na mtoto mdogo, bibi na mtoto mkubwa wafuate, na wa mwisho apitishe masanduku kisha apande. Masanduku makubwa msiyaache karibu na mlango. Kuna nafasi baina ya migongo ya viti vilivyogeuziana ambayo humeza sanduku la wastani, na likiwa pale mnaliona wakati treni imesimama vituoni, ambao ndio wakati wa wezi. Watoto wetu tumewafundisha kwamba treni ikiondoka na mmoja amebaki kwenye jukwaa, asisogee hapo alipo hadi afuatwe. Na akijikuta peke yake ndani, akae na kumwambia mkaguzi, wala asishuke.

Chakula tunabeba, kwa kuwa cha behewa la mgahawa ni ghali na si rahisi kwa Mwislamu kujua nyama imechinjwaje. Chapati zikunjwe zikiwa bado na joto, zikatwe vipande vya vidole viwili na kufungwa kwenye foili. Haziachi makombo, na mtoto hazihitajii sahani. Mayai ya kuchemsha yana harufu inayowakera jirani, hayo nimeyaacha nyumbani. Chai iwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, na maji ya kunywa yatoke nyumbani, kwani yale ya bomba la choo cha treni hayanyweki.

Baada ya Kufstein msiwaahidi watoto milima mfululizo, maana sehemu kubwa ya bonde la mto Inn sasa hupitwa kwa mahandaki yaliyofunguliwa mwaka 2012. Uzuri unaanzia Innsbruck. Pale reli hupanda taratibu, na katika kijiji cha St. Jodok huzunguka nyumba zote kwa kona moja kubwa, hata wenye viti vya nyuma wakakiona kichwa cha treni yao kikipinda mbele. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1867 na haina handaki kileleni. Hupita juu kabisa ya mlima, mita 1,371 kutoka usawa wa bahari. Kituo cha Brenner treni hukaa kidogo, kwa kuwa umeme wa reli ya Austria na ule wa Italia haufanani, na kwa miaka mingi kichwa kililazimika kubadilishwa pale. Ndipo mama mkwe aliponiuliza, "Mwanangu, hivi tumeshaingia Italia?" nikamwonyesha bango lenye jina la kituo kwa lugha mbili, akaniambia basi hawa jamaa mpaka wao umekaa kimya mno. Kuanzia hapo ni mteremko, na karibu na Bolzano madirisha hujaa mizabibu na mitufaa. Watoto wengi husinzia hapo, nanyi waacheni walale.

Waamsheni Rovereto, ambacho ni kituo cha mwisho kabla ya Verona, ili viatu vivaliwe na masanduku yasogezwe bila mbio. Adhuhuri na alasiri sisi huzikusanya na kuzisali tukishafika, kwa ruhusa ya msafiri. Tafuteni malazi ya kutembea kwa miguu kutoka kituo cha Porta Nuova, ingawa mitaa ya karibu na ukumbi wa kale wa Arena inapendeza zaidi, na mbakishe sehemu ya zile chapati: mikahawa mingi ya Italia haianzi kupika cha jioni kabla ya saa moja usiku, na watoto waliotoka Munich asubuhi hawatangoja hadi saa hiyo.