Kwa wanaoanza kuhesabu vipepeo

Nimepitia karatasi zenu za kuhesabu vipepeo wanaohama, za Nyali na Tudor hapa Mombasa, wadogo zangu. Nilicheka, kisha nikanuna. Makosa ni yaleyale.

1. Saa. Kuna aliyeandika vipepeo wahamaji Catopsilia florella walivuka kwa wingi "3:00". Kompyuta haijui saa tatu yetu ya asubuhi. Kwake hao waliruka usiku wa manane. Andika 09:00.

2. Jua. Tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hukaa kaskazini takriban tarehe 10 Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini. Msikisie mwelekeo kwa jua; shikeni dira, na msiilaze juu ya boneti ya gari.

3. Upepo. Hapa bado naumia. Upepo huandikwa kule unakotoka, kipepeo kule anakokwenda. Mimi mtoto wa pwani nilijua hilo, nani asiyeijua kaskazi, upepo utokao kaskazini? Lakini msimu mzima niliviandika vyote chini ya "mwelekeo": upepo kaskazini, vipepeo kusini. Wakati wa kuchambua nikasahau tofauti, nikaona wadudu wasiofika gramu moja wakipambana na kaskazi uso kwa uso. Furaha niliyokuwa nayo! Nikaandaa maelezo marefu ya ushujaa wao, nikasimama mbele ya wakubwa. Mzee mmoja aliyekulia majahazini akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, jahazi likitoka Lamu kuja Mombasa wakati wa kaskazi, linasukumwa au linazuiwa?" Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nautafuta mlango. Kugeuza nambari kungekuwa rahisi, ila msaidizi wangu siku nyingine aliandika upepo unakokwenda, na hatukuweza kujua ni zipi. Tukatupa kurasa zote. Sasa mnaelewa kwa nini fomu ina safu mbili, na kwa nini nafoka mkiziunganisha.

4. Kipimo cha upepo cha kituo cha hali ya hewa huwa mita 10 juu. Vipepeo wetu weupe wengi hupita usawa wa kiuno, ambako kuta na vichaka vimeshapunguza kasi, na hapo kipepeo hujichagulia njia. Akipanda juu ya mnazi, upepo humchukua. Pimeni upepo pale anaporuka, mwandike na kimo.

5. Kichwa kikielekea huku na mwili ukisogea kule, ni upepo wa ubavuni. Andika vyote viwili.

6. Wingu likifunika jua, vipepeo hutulia. Andika sifuri, usiache pengo. Na yule aliye kwenye ua la lantana anakunywa, hasafiri. Msimhesabu, hata awe mzuri vipi.