Anza na ubao mmoja, treni itembee, mengine baadae

Kijana mmoja wa Masasi kanitumia meseji ndefu kweli kweli. Anasema alinunua kichwa cha treni cha mtumba na mabehewa, zile treni ndogo za umeme, akachora ramani ya reli ya kuzunguka sebule nzima, daraja lipo, handaki lipo, stesheni kibao, na sasa hivi mzigo wote uko kwenye boksi uvunguni na hamu imekata. Anauliza mi nafanyaje mpaka morali haiishi. Nimeshamjibu ila nikaona bora niandike na hapa, maana najua wengi mna boksi kama lile.

Kwanza niseme hivi, mi niko Mtwara, na watu wakisikia nina treni wanacheka eti huku reli mmeiona wapi. Ilikuwepo bwana! Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja na mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, walitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, baadae likatoka na tawi la kwenda Masasi. Mpango wenyewe ulizikwa 1951 baada ya kula pauni kama milioni 36, na reli ikafungwa miaka ya mwanzo mwanzo ya uhuru, vyuma vikang'olewa. Babu yangu mzaa mama aliipanda na mpaka anaingia kaburini alikuwa akianza hadithi ya ile treni humnyamazishi.

Sasa mi na jamaa zangu fulani tukakaa kikao tukasema ile reli tunaijenga yote, kwa treni ndogo. Yote! Mtwara mpaka Nachingwea. Mi nikachukua kalamu nikapiga hesabu, kwa saizi ya treni ndogo inayoitwa HO kila kitu kinapunguzwa mara 87, kwahiyo kilomita moja inakuwa kama mita 11 na nusu, yani umbali wa kutoka mjini mpaka Mikindani tu, kilomita kama 10, unataka zaidi ya mita 110 za reli. Nikawaambia jamani hapa hata Mikindani hatufiki. Nikaambiwa mi nakatisha watu tamaa. Basi ikawa vikao, kila mtu bosi, kila mtu anataka stesheni ya kwao iwe kubwa, mbao zikalazwa chini kwenye stoo mchwa wakajilia, michango ikakauka. Mmoja wao mpaka leo anatangaza kwamba mimi ndo niliua ule mradi. Sawa. Leo yeye hana hata kipande cha reli na mimi treni yangu inatembea.

Kilichoniokoa ni ramani ya Mwingereza mmoja anaitwa Alan Wright, yenyewe inaitwa Inglenook Sidings, na ni ndogo mpaka unaweza kuidharau. Pointi mbili tu za kugawanya njia, unapata njia tatu, moja inaingiza mabehewa 5, nyingine 3, nyingine 3, na mbele kipande cha kusogelea kinachotosha kichwa na mabehewa 3. Una mabehewa 8. Kila behewa lina karatasi yake, unachomoa 5 kama bahati nasibu, halafu unatakiwa upange treni ya mabehewa 5 kwa mfuatano ule ule uliotoka. Utaona kama mchezo wa watoto mpaka ujaribu. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, kwahiyo hata ukicheza kila siku haikuchoshi leo wala kesho. Yangu imekaa kwenye ubao wa mita moja na nusu hivi kwa sentimita 30, nimeuweka juu ya kabati, mchwa waje sasa.

Mabehewa nimeyapa mizigo ya kwetu, korosho, ufuta, mbaazi, na moja la karanga kwa ajili ya kuwakumbuka wale waheshimiwa. Jioni mtoto wa dada yangu anakuja tunashindana, utamsikia "mjomba, ufuta umekaa nyuma ya korosho tena", na simu yake hata haigusi.

Vitu vyenyewe havina maajabu. Umeme ni volti 12 unapita kwenye reli zenyewe, magurudumu yanauchukua yanaupeleka kwenye mota, mi natumia betri ya pikipiki na kontrola, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza mwendo, na weka fyuzi tafadhali. Kokoto za kwenye reli ni mchanga wa ufukweni Shangani, niliuosha kwanza chumvi itoke, nikauchekecha, nikaumwagia gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji. Huku pwani reli zinashika uchafu haraka, treni ikianza kusitasita futa reli na kitambaa chenye spiriti kidogo kabla hujasema mota imekufa. Na wajuaji watakwambia reli ya Nachingwea ilikuwa ya upana wa mita moja, HO ni reli pana zaidi, hujapatia. Ni kweli. Waambie walete ya kwao tuione.

Morali jamani haitoki kwenye ramani. Ramani unaitazama siku mbili tatu inakuchosha, ila treni ikishatembea hata sentimita 50, wewe mwenyewe utaamka usiku kuiangalia. Kwahiyo punguza. Ukishapunguza punguza tena. Usinunue kingine mpaka ulichonacho kitembee, usiite kikundi mpaka una kitu cha kuwaonyesha, na usitangaze mipango kwa watu ambao kazi yao ni kucheka. Vijana wengi tunapenda kuonekana tuna mipango mikubwa, tunakaa vijiweni tunapanga mpaka korosho zinaisha msimu, ukiuliza kipi kimekamilika kimya. Kamilisha kimoja! Kidogo! Kiwe kibaya, sawa tu, ila kiwe kimekwisha.

Huyo wa Masasi nimemwambia atoe kichwa kwenye boksi leo hii, atafute ubao na reli iliyonyooka tu, apeleke mbele arudishe nyuma, pointi atanunua mwezi ujao moja na mwezi wa pili yake nyingine. Na kingo za ubao aziache wazi asijenge ukuta, maana mi saizi natengeneza ubao wa pili wa kuunga na huu kwa bolti, na huo ndo utakuwa Nachingwea.