Jioni ya Kwanza Addis Ababa: Tuanzie Wapi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunakwenda kutalii Addis Ababa kwa siku nne. Ndege inatua saa kumi jioni. Mwenzangu anataka tukishaweka mizigo hotelini tupande mlima Entoto moja kwa moja, tuuone mji kutoka juu. Mimi naona ni haraka mno, ila sitaki jioni nzima iishie chumbani. Tena sisi ni Waislamu, na suala la nyama linanitia wasiwasi. Tufanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Entoto iacheni kwanza. Addis iko takriban mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, na mlima huo unapita mita 3,000. Ninyi asubuhi hiyo mmeamkia pwani. Addis kwenyewe tu, kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Tanga. Mtu mwenye afya hadhuriki, lakini ngazi za ghorofa mbili zitamfanya mume wako asimame ashike ukuta, kichwa kinaweza kugonga, na usingizi wa usiku wa kwanza mara nyingi hukatikakatika. Isitoshe, mpaka mmalize uhamiaji na mizigo, jua linakaribia kuzama. Pandeni siku ya tatu asubuhi, mapafu yakishazoea, mtembee taratibu kwenye ile mikaratusi iliyoanza kupandwa enzi za mfalme Menelik II.

Kama miguu inawasha, nendeni Meskel Square. Ni uwanja mpana wenye ngazi ndefu zilizojipinda kama nusu duara, na watu hukimbia humo, safu baada ya safu. Kaeni chini muwatazame. Msijaribu kuwafuata.

Chakula nacho kina njia yake. Ethiopia Wakristo hula nyama iliyochinjwa na wenzao, na Waislamu vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa ukiuliza. Migahawa ya Kiislamu utaipata kwa urahisi upande wa Merkato, lile soko kubwa la mji, karibu na msikiti mkuu wa Anwar. Lakini usiku wa kwanza mimi ningeagiza beyaynetu, sinia ya mfungo. Waorthodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa, ndiyo maana wapishi wa pale wana mkono mzuri ajabu kwenye dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde) na mboga za majani. Vyote hupakuliwa juu ya injera moja pana, mkate laini kama chapati ya maji, mkala pamoja kwa mkono wa kulia. Injera ina uchachu, na tumbo geni hushiba upesi, basi sinia moja inawatosha wawili.

Halafu kahawa, na hapa msiwe na haraka hata kidogo. Tafuteni mahali inapopikwa mbele yenu: majani mabichi yametandazwa sakafuni, mama amekaa kwenye kigoda, anakaanga buni kwenye kikaango kidogo juu ya mkaa. Zikianza kupasuka na kung'aa mafuta, ataleta kikaango karibu yenu ili mvute ule moshi kabla ya kutwanga. Kisha humimina kutoka kwenye jebena, chungu cheusi chenye shingo ndefu, kwenye vikombe visivyo na mkono kama vyetu vya kahawa chungu. Duru ni tatu. Nyumbani kwa mtu, kuondoka kabla ya ile ya tatu si adabu. Mkahawani hakuna anayekuzuia, na kwa usiku huo kikombe kimoja kinatosha, maana usingizi wenyewe tayari ni wa mashaka.

Saa zenu msizirekebishe. Wao pia huhesabu kuanzia mapambazuko kama sisi. Tatizo huja dereva anapozungumza Kiingereza na mgeni: akisema atawafuata saa nane, huenda ana maana ya saa nane yetu ya mchana, au ameshaigeuza kwa hesabu ya Kizungu na ni saa mbili asubuhi. Muulizeni: asubuhi au baada ya chakula cha mchana?

Bebeni sweta kwenye mkoba wa mkononi, maana likizama jua baridi huingia ghafla. Kama ni Julai au Agosti, ongezeni mwavuli.