Maswali ya Besiboli: Straiki ya Tatu Ikidunda Chini

Besi zote zilikuwa na wakimbiaji, auti mbili (wachezaji wawili wameshatolewa; wa tatu humaliza zamu ya timu). Mpigaji akazungusha gongo akakosa, straiki (kosa la mpigaji) ya tatu. Mpira ukadunda chini kabla mdakaji, anayekaa nyuma ya mpigaji, hajaushika, na mpigaji akatimua mbio kwenda besi ya kwanza. Ubishi ukazuka. Alikuwa na haki? (Mwalimu wa michezo, Kasarani)

Alikuwa nayo, Mwalimu. Straiki ya tatu humtoa mpigaji papo hapo mdakaji akiudaka mpira kabla haujagusa ardhi. Ukigusa, mwamuzi atazame mambo mawili: besi ya kwanza ina mtu, na auti ni ngapi? Ikiwa tupu, au auti zikiwa mbili hata kama ina mtu, mpigaji anaruhusiwa kukimbia, na walinzi lazima wamguse kwa mpira au wauwahishe besi ya kwanza. Ikiwa na mtu na auti hazijafika mbili, ametoka. Bila kizuizi hicho mdakaji angeuangusha mpira makusudi avune auti mbili kwa mpigo mmoja.

Katika mchezo wenu wakimbiaji wote watatu walilazimika kusonga kumpisha mpigaji. Kwa hiyo mdakaji hakuhitaji kurusha popote. Akanyage besi ya nyumbani mpira ukiwa mkononi: auti ya tatu hiyo, na hakuna pointi. Wadakaji chipukizi hukimbilia kurusha besi ya kwanza, mpira ukampiga mpigaji mgongoni au ukapotelea upande wa kulia, na pointi zikaingia bure. Tunawasihi makocha walifanyie zoezi jambo hili.

Haki hiyo hupotea mpigaji akitoka nje ya duara la udongo linalozunguka besi ya nyumbani bila kuonyesha nia ya kukimbia. Viwanja vyetu vingi vya shule ni nyasi au murram mtupu, duara halionekani. Pigeni kigingi mahali pa katikati ya besi kabla ya kuitandaza, fungeni kamba ya mita 4, mzungushe chokaa.

Msidhani ni jambo dogo. Tarehe 5 Oktoba 1941, mchezo wa nne wa World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, Brooklyn Dodgers waliongoza 4-3, auti mbili, zamu ya tisa, ya mwisho. Tommy Henrich wa New York Yankees akaikosa straiki ya tatu, lakini mdakaji Mickey Owen hakuudhibiti mpira. Henrich akafika besi ya kwanza, na Yankees wakashinda 7-4.

Mpira uliopigwa ukimgonga mlinzi kichwani ukavuka ua, inakuwaje? (Msomaji, Umoja)

Ukivuka ndani ya mistari bila kugusa ardhi, ni hom rani: mpigaji anazunguka besi zote. Ndivyo ilivyoamuliwa Cleveland tarehe 26 Mei 1993, mpira wa Carlos Martínez ulipomdunda José Canseco kichwani. Ukigonga ardhi kwanza, ni besi mbili tu.

Wa tano katika orodha ya wapigaji ya wapinzani alipiga badala ya wa nne, akafika besi ya pili na mwenzake akaingia nyumbani. Tufanyeje? (Kocha, Lang'ata)

Mnyamaze mpaka amalize kupiga. Mkilalamika mapema, wa nne ataingia tu na kurithi hesabu iliyopo ya straiki na boli (mirusho isiyo sahihi), bila auti. Akishamaliza, mwambieni mwamuzi kabla mrushaji hajamrushia mpigaji anayefuata. Hapo wa nne ndiye auti, pigo linafutwa, pointi inafutwa, na waliosonga kwa pigo hilo wanarudi. Besi iliyoibwa katikati ya zamu hiyo hairudishwi. Anayefuata kupiga ni wa tano, yuleyule aliyetoka kupiga.

Mkichelewa, mpira mmoja ukarushwa kwa anayefuata, yote yaliyotokea yanasimama na zamu ni ya wa sita. Mwamuzi haruhusiwi kuwatonya, wala mwandishi wa matokeo. Kwa hiyo awepo mtu benchini mwenye orodha ya wapinzani mkononi, asiye na kazi nyingine.

Uwanja wetu una mtaro upande mmoja na goli la soka ndani. Mpira ukiingia humo? (Kapteni, Dagoretti)

Patanisheni kabla ya mchezo, makocha wote wawili na mwamuzi mkuu, mwandike. Goli la kuhamishika liondolewe. Lililosimikwa, amueni kama mpira ukiligonga unaendelea au unakufa.

Mtaro uhesabiwe nje ya uwanja. Mpira uliopigwa ukadunda ndani ya mistari kisha ukaingia, kila mtu apewe besi mbili. Mlinzi akirusha ukaingia, vilevile besi mbili, ila mahali pa kuanzia kuhesabu hubadilika: kama ni tendo la kwanza la mlinzi wa ndani (wa karibu na besi), hesabuni kuanzia besi walizokuwa wakimbiaji mrushaji aliporusha; vinginevyo, kuanzia walipokuwa mpira ulipomtoka mlinzi mkononi. Mrushaji akirusha akiwa bado kwenye kibao chake cha kurushia ukaishia mtaroni, ni besi moja tu.